Kidole Gumba Kilichochorwa Mara Mbili

Siku ya nne ya maonyesho ya michoro kanisani kwetu, mzee anayepanga viti aliingia kwenye chumba cha pembeni, akasimama mbele ya mchoro namba 11, akausogelea mpaka pumzi zake zikatia ukungu kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Kazi yangu ilikuwa kukaribisha watu na kuangalia mtu asiguse michoro. Akaniita bila kugeuka.

"Mwanangu, hebu njoo. Huyu ana vidole gumba viwili."

Nikaenda. Ni kweli. Mchoro ule ni wa mikono iliyoshika kitabu cha nyimbo, mkaa juu ya karatasi nyeupe yenye mikwaruzo, ukubwa wake kama daftari likifunguliwa. Kidole gumba cha kushoto kinabana ukurasa kwa juu. Lakini chini yake kidogo, kama upana wa ukucha mmoja kuelekea kwenye kiganja, kipo kingine, cha kijivu, hafifu, kilichofutwa kisifutike. Ukikaza macho unaona hata ukucha wake ulipokuwa.

"Alikichora kwanza hapa, mzee," nikamwambia. "Halafu akaona amekosea, akakifuta, akakihamishia pale."

Mzee akanyanyua mkono wake wa kushoto, akaukunja kana kwamba ameshika kitabu, akafungua ukurasa ambao haupo. Gumba lake likapanda.

"Hakukosea," akasema. "Huyu mtu alikuwa anafungua ukurasa."

Akaondoka kwenda kupanga viti vyake. Mimi nikabaki pale nikiutazama mchoro ambao nilikuwa nimeutundika kwa mikono yangu, nikaupangusa vumbi kila asubuhi, na sikuwahi kuuona.

Nimechora na kutazama michoro ya wengine kwa miaka mingi, na mistari ya namna ile nimezoea kuiita makosa yaliyobaki. Tunaisifu hata, sisi tulio karibu na kazi hii. Tunasema inaonyesha jinsi msanii alivyohangaika kuipata sura. Mzee hakumtazama msanii hata kidogo. Alitazama mkono, akaona unasogea.

Msanii mwenyewe hapendi jina lake litajwe, nami nitaliheshimu hilo. Kwa karibu miaka miwili alikuwa akikaa benchi la mwisho kabisa, ubao mwembamba magotini, baada ya kuomba ruhusa kwa wazee wa kanisa na kueleza nia yake mbele ya waumini. Alijiwekea sharti moja: mtu akishagundua kwamba anachorwa, penseli inawekwa chini. Ndiyo maana nyuso ni chache. Kuna migongo, visogo, mabega yaliyoinama, mtoto aliyelala mapajani kwa mtu ambaye hatumwoni zaidi ya magoti yake. Na mikono. Kati ya michoro 26 tuliyotundika, 14 ilikuwa ya mikono pekee.

Huanza kwa penseli ngumu, mistari myembamba ya kupimia tu: kiganja kinaanzia wapi, kitabu kimelala vipi. Kisha huchukua mkaa. Kila kitu hukifanyia palepale benchini, na harudii chochote akifika nyumbani. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niipende kazi yake tangu mwanzo. Mchoro uliosafishwa nyumbani huwa mzuri zaidi, lakini yule mtu aliyekuwa mbele yako anakuwa ameshaondoka.

Mkaa wa kuchorea ni vijiti vya mzabibu au mti mwingine laini, vilivyochomwa ndani ya chombo kilichozibwa ili hewa isiingie, visije vikawa majivu. Tofauti yake na wino ni kwamba hauzami ndani ya karatasi. Unakaa juu, umeshikwa na vinyuzi vya karatasi tu, ndiyo maana unatoka kwa kidole, kwa kitambaa, hata kwa unyoya. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika maelekezo ya ufundi huu karibu na mwaka 1400, aliwaelekeza wanafunzi wapanguse mkaa kwa unyoya, na kwa mistari migumu zaidi alitaja makombo ya mkate. Mkate ulibaki kuwa ufutio wa wachoraji kwa karne nyingi, mpaka vipande vya raba vilipoanza kuuzwa London mwaka 1770. Lakini iwe unyoya, mkate au raba, mkaa hautoki wote. Chembe zake huteremkia kwenye vishimo vya karatasi, zikatulia humo. Gumba la kwanza la mchoro namba 11 limejificha katika vishimo hivyo.

Kabla ya maonyesho kulikuwa na kikao, na mjumbe mmoja aliuliza kwa moyo safi kabisa: kwa nini tusingoje msanii amalize? Aliichukulia michoro ile kuwa maandalizi ya picha za rangi zinazokuja. Kanisani, alisema, tuweke kilichokamilika. Siku ile nilimjibu juujuu, nikasema michoro ni sanaa kamili kama picha za rangi. Ni kweli, ila si jibu. Leo ningemsimulia habari za Pisa.

Karibu na kanisa kuu la Pisa, Italia, kuna makaburi ya kale yaliyozungukwa na kuta ndefu zilizopakwa picha za dini. Tarehe 27 Julai 1944, vita vikiwa vimefika pale, kombora liliwasha paa. Madini ya risasi yaliyoezekwa juu ya paa yakayeyuka, yakatiririka ukutani juu ya picha. Mafundi waliokuja kuokoa kilichosalia walilazimika kubandua picha zile kutoka ukutani, tabaka la juu likatoka, na chini yake wakakuta michoro. Mistari mikubwa ya udongo mwekundu, iliyochorwa kwa mkono huru na wachoraji wa karne ya 14 kabla hawajapaka lipu ya mwisho na rangi. Udongo ule huitwa sinopia, kutokana na mji wa Sinope ulio kando ya Bahari Nyeusi. Kwa miaka 600 watu walisali na kuzika wapendwa wao kandokando ya michoro hiyo bila kujua kwamba ipo. Leo ina makumbusho yake mjini Pisa, yaliyofunguliwa mwaka 1979.

Ningemsimulia pia habari za mikono maarufu kuliko yote, ile iliyounganishwa katika sala, ambayo watu wengi wameiona hata kama hawajui aliyeichora. Ni kazi ya Albrecht Dürer ya mwaka 1508, kwa brashi, wino wa kijivu na rangi nyeupe, juu ya karatasi ya buluu isiyofika sentimita 30 kwa urefu. Ilikuwa matayarisho ya mikono ya mtume mmoja katika picha kubwa ya madhabahu aliyoiagiza Jakob Heller, mfanyabiashara wa Frankfurt. Sehemu ya kati ya picha ile, iliyomgharimu Dürer jasho lote, iliteketea kwa moto mjini Munich mwaka 1729. Karatasi ya matayarisho ipo mpaka leo katika jumba la Albertina, Vienna. Kilichokamilika kimekwenda na moto, na mikono iliyokuwa ya kujaribia ndiyo watu wanayosali nayo.

Tulipata idhini bila hadithi hizi. Mjumbe yule alikubali kwa upole, na alikuwa mtu wa kwanza kufika siku ya ufunguzi.

Kutundika michoro kanisani si sawa na kutundika picha sebuleni. Chumba chetu kina kuta tatu za ndani na moja ya mawe inayopakana na nje, na ule wa mawe ndio mzuri kuliko zote, mpana, mweupe, unaoonekana tangu mlangoni. Tukaweka hapo michoro sita iliyotupendeza zaidi. Asubuhi ya tatu nikakuta miwili imejikunja ndani ya fremu, karatasi imefanya mawimbi kama bati. Ukuta ulikuwa ukitoa unyevu usiku, na fremu zilikuwa zimelala juu yake bila nafasi ya hewa. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka, na kwa kuwa imeshikwa pembeni, haina pa kwenda ila kupanda kuelekea kwenye kioo. Mmoja ulikuwa umebakiza upana wa uzi kugusa. Mkaa ukigusa kioo umekwisha, nusu inabaki kwenye karatasi na nusu unaondoka nao ukiinua kioo. Kilichotuokoa ni pambizo nene ya kadibodi isiyo na asidi ambayo msanii alisisitiza iwekwe kati ya karatasi na kioo, nami nilikuwa nimeiona gharama isiyo ya lazima. Tuliihamisha yote sita, na zile fremu nyingine tukazibandika vipande vidogo vya mbao kwa nyuma, hewa ipite.

Alisisitiza pia kioo halisi badala ya plastiki angavu, ingawa plastiki ni nyepesi na haivunjiki. Plastiki ikipanguswa hupata umeme tuli, na umeme huo huvuta chembe za mkaa kutoka kwenye karatasi. Unausafisha mchoro kwa nje, kumbe unauchuna kwa ndani.

Halafu mwanga. Mkaa na penseli ni kaboni, na jua haliwezi kuzipausha. Karatasi ndiyo inayoumia, hasa ile ya nyuzi za mti isiyosafishwa, ambayo hugeuka manjano kama gazeti lililosahauliwa dirishani. Ya pamba hustahimili zaidi. Makumbusho kwa kawaida huiwekea michoro mwanga usiozidi luksi 50, kiasi cha chumba chenye giza kidogo. Chumba chetu kina dirisha moja la vioo vya rangi, na alasiri jua lilipoinama, doa jekundu lilianza kutambaa ukutani, likapanda juu ya mchoro wa mwanamke aliyefunika uso kwa viganja, likakaa hapo kama dakika kumi, likafuatiwa na la buluu. Siku ya kwanza watu waliokuwepo walinyamaza wote. Ilikuwa nzuri sana. Kesho yake nilitundika pazia jembamba dirishani, na nililitundika kwa huzuni, lakini karatasi ile itahitaji kuishi baada yetu.

Sasa watu wenyewe. Wanaoingia kwenye jumba la sanaa huja kutazama sanaa, hivyo hutembea. Hatua mbili, husoma kibandiko, hutazama, husogea. Waliokuja kwetu wengi walikuwa wametoka ibadani au wanasubiri mazoezi ya kwaya, na kwa miaka mingi wamezoea kukaa mahali pamoja na kutazama mbele kwa muda mrefu bila kudai chochote kitokee. Walivuta viti. Sikuwahi kuona watu wakivuta viti mbele ya michoro. Mama mmoja alikaa mbele ya mgongo wa mtu, mistari isiyozidi 20 kwa ukadiriaji wangu, kuanzia tulipofungua mpaka kengele ya mchana. Alipoinuka hakusema neno, alitikisa kichwa tu kuniaga.

Wanakwaya walijitafuta. "Huyu ni wewe, ona shingo!" Walibishana, wakageuziana visogo ili wenzao walinganishe. Watoto waligundua kwamba mchoro namba 7 una miguu mitano, kwa sababu mtu alibadilisha namna ya kukaa na msanii akaacha zote. Hakuna mtoto aliyesema ni kosa. Waliuliza miguu ipi ilikuja kwanza.

Wengi waliniuliza kwa nini hakuna rangi, na nadhani jibu bora linapatikana Vence, kusini mwa Ufaransa. Kati ya mwaka 1948 na 1951 Henri Matisse, mtu aliyeitawala rangi kuliko karibu kila mchoraji wa wakati wake, aliwatengenezea masista wa Kidominiko kanisa dogo huko. Aliisukuma rangi yote kwenye vioo vya madirisha. Ukutani aliweka vigae vyeupe na mistari myeusi tu. Njia ya Msalaba, vituo vyote 14, imo kwenye ukuta mmoja, kwa mistari ya haraka, ya kukwaruza, kila kituo na namba yake. Mtakatifu Dominiko kwenye ukuta mwingine hana macho wala mdomo. Matisse alikuwa ameshafika umri wa miaka 80 hivi, mwili umechoshwa na upasuaji mkubwa wa mwaka 1941, na alichora akiwa amefunga chombo cha kuchorea kwenye ncha ya fimbo ndefu ya mwanzi. Cennini naye, zaidi ya karne tano nyuma, alimshauri mwanafunzi afunge mkaa kwenye kijiti, ili mkono uwe mbali na karatasi na jicho lione umbo zima. Fimbo ile inamnyima mchoraji urembo wa mkono wake. Kinachobaki ni mstari unaotafuta njia, na mbele ya mateso ya Msalaba sioni mstari mwingine unaostahili zaidi.

Kuna jambo moja katika maonyesho haya lililonisumbua na bado linanisumbua. Siku ya pili dada mmoja alisimama mbele ya mchoro namba 19: bega, upande wa shavu, kitambaa kilichoshikwa karibu na jicho. Alirudi kwangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yule ni yeye, kwamba anaikumbuka ile Jumapili na kilichomliza, na kwamba hataki watu waione. Uso haukuwepo. Hakuna mwingine ambaye angemtambua. Lakini yeye alijitambua.

Nilimpigia msanii simu. Akaja, akautoa mchoro ukutani akiwa hajavua hata koti, akamkabidhi yule dada na fremu yake. Hakujitetea kwa ruhusa ya wazee wala kwa tangazo lililosomwa mbele ya waumini. Akamwomba radhi. Msumari tuliuacha, na pengo tukaliacha, na kwa muda wote uliobaki maonyesho yalikuwa na michoro 25 na namba inayoruka kutoka 18 hadi 20. Watu waliniuliza kuhusu pengo lile, nami nikawajibu kwamba mwenyewe ameuchukua.

Naamini ruhusa tuliyoomba haikutosha. Kanisani mtu hujiachia kuliko sehemu nyingine yoyote, na anayeruhusu kuchorwa siku ya furaha hajaruhusu siku ya msiba. Ingefaa kila mmoja aonyeshwe karatasi yake kabla ya kutundikwa, hata kama ingetuchukua miezi. Msanii anakubaliana nami, na tayari ameanza kufanya hivyo na michoro iliyomo kwenye makabati yake. Anakwenda nyumba kwa nyumba na bahasha kubwa kwapani. Baadhi wanasema hapana. Anawaachia.

Siku ya kushusha, mzee wa viti alikuja kusaidia. Alishika ngazi, alizungushia fremu mashuka, na tulipofika namba 11 akauliza kama anaweza kuutazama bila kioo. Msanii akafungua fremu kwa nyuma, akainua pambizo, akaiweka karatasi juu ya meza karibu na dirisha. Pazia lilikuwa limeshatolewa. Mwanga wa jioni ulikuwa unakuja kwa ubavu, karibu ulale juu ya meza.

Bila kioo mkaa ni mweusi kuliko nilivyodhani. Una unyoya wake, kama bawa la nondo. Mzee aliweka mikono nyuma ya mgongo ili asiguse, akainama, akasogea kushoto, akasogea kulia, akatafuta pembe.

"Kipo cha tatu," akasema.

Nikainama nami. Sikuona kitu mpaka niliposhuka jicho likawa sawa na meza. Ndipo mwanga ukaonyesha mfereji mwembamba kwenye karatasi, usio na rangi yoyote: alama ya penseli ngumu, ambayo weusi wake ulishafutwa wote ikabaki njia ilimopita. Gumba lililolala, limenyooka pembezoni mwa jalada.

Msanii akatazama kwa muda mrefu. Alisema hakumbuki kabisa kwamba aliwahi kukichora.

Mzee alikuwa ameshatoa mkono wake mgongoni. Aliukunja tena kama siku ile, gumba akalilaza pembezoni, akalitazama, akaangalia karatasi.

"Hapa," akasema, "kitabu kilikuwa bado kimefungwa."